Popo wa milima yetu

Maneno ya Kamati Ndogo ya Mazingira, yaliyosomwa mjini Bujumbura mbele ya wajumbe wa kambi, wakimbizi waishio mjini na wageni waalikwa, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni

  

Kwanza tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa hai. Pili tunawashukuru wananchi wa Burundi ambao wametugawia ardhi, maji na uvumilivu, na wao wenyewe hawana vya kutosha. Tatu tunaomba radhi kwa wale watakaoshangaa. Waliotutangulia kusema wamezungumzia mgao wa chakula, masomo ya watoto wetu na hati za kusafiria. Hayo yote ni yetu pia. Lakini sisi wa Kamati Ndogo ya Mazingira tumeombwa tueleze habari ya popo, na tumekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni deni: kuna jambo lilitokea kwenye paa la shule yetu, na kamati hii bado haijalitolea maelezo mbele ya watu. Ya pili ni kwamba katika milima tuliyoiacha nyuma yuko popo mdogo ambaye hapatikani penginepo popote duniani, na wengi wetu hatukuwahi kuambiwa kwamba yuko.

1. MILIMA TUNAYOITAZAMA

Jioni hapa Bujumbura mtu akishuka hadi ufukweni anaiona milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa. Wengi wetu tunafanya hivyo kila tunapopata ruhusa ya kuja mjini. Tunasimama tu, tunatazama, tunarudi. Ukifuata milima hiyo kwa macho ya moyo kuelekea kusini, ukapita Baraka, ukapita Fizi, unafika kwenye msitu wa Misotshi-Kabogo, mlima unaopanda kutoka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wako miongoni mwetu waliozaliwa chini ya mlima huo.

Msitu huo ulikuwa haujaingiwa na wataalamu wa wanyama tangu mwaka 1960 kwa sababu ya hali ya usalama. Kati ya Januari na Machi 2007 waliingia. Walikuwa watafiti wa shirika la WCS, wa jumba la makumbusho la Field la Chicago huko Marekani, wa chuo cha Mbarara Uganda, na wa kituo chetu wenyewe cha Lwiro, kule Kivu Kusini. Waliporudi walitangaza kwamba wamekuta wanyama sita ambao vitabu vya sayansi havikuwa na majina yao: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili.

Popo huyo alipewa jina rasmi mwaka 2013. Anaitwa popo wa Willard, kwa heshima ya mtumishi mmoja wa jumba lile la Chicago. Katika andiko hilohilo alipewa jina popo mwingine wa jamii hiyo, wa msitu wa Kahuzi, kaskazini ya Bukavu. Miongoni mwa walioliandika wamo Wakongo wawili, Prince Kaleme na Robert Kizungu. Tunawataja ili vijana wetu wa sekondari wasikie kwamba kazi hii si ya wageni peke yao.

2. HUYU POPO NI NANI

Tangu utoto tumesikia hadithi ya popo. Ndege walipomdai kodi alisema yeye ni mnyama, ana meno. Wanyama walipomdai alisema yeye ni ndege, ana mbawa. Mwisho pande zote mbili zikamkataa, akabaki kutembea usiku. Mkimbizi akiisikia hadithi hiyo hacheki sana. Lakini ukweli ni kwamba popo ana kwao. Ni mnyama kamili: ana manyoya, anazaa, ananyonyesha. Ndiye mnyama pekee anyonyeshaye ambaye amejaliwa kuruka kweli kweli kwa mbawa, na mbawa zenyewe ni mikono yake, ngozi nyembamba iliyotandazwa kati ya vidole virefu.

Popo hawa tunaowazungumzia ni wa jamii ambayo sisi tutaiita popo pua-kwato. Puani mwao kuna ngozi iliyojikunja kama kile chuma kinachopigiliwa kwenye kwato za farasi, na juu yake kikunjo kingine kilichochongoka kama jani. Ukimwona kwa mara ya kwanza utadhani ameumia usoni. Hajaumia. Hiyo ni zana yake ya kazi.

Watu husema popo ni kipofu. Si kweli, popo ana macho na anaona. Ila usiku wa msituni macho hayatoshi, kwa hiyo popo anatumia sauti. Anatoa mlio, mlio unagonga kitu, unarudi masikioni mwake, naye anajua kitu hicho kiko wapi. Popo wengi hutoa mlio huo kwa mdomo. Popo pua-kwato hutoa kwa pua, mdomo umefungwa, na ile ngozi ya puani inauelekeza mlio mbele kama mkono unavyoelekeza tochi. Mlio wenyewe uko juu kupita uwezo wa sikio la mtu, kwa hiyo anapita juu ya kichwa chako akipiga kelele nawe unasema usiku ni kimya.

Jambo la ajabu zaidi ni jinsi anavyotambua chakula chake. Popo pua-kwato anashikilia sauti moja, haipandi wala haishuki, kama mtu anayepuliza filimbi kwa noti moja. Mlio ukigonga jani lililotulia unarudi vilevile. Ukigonga nondo anayepiga mbawa unarudi ukitetemeka. Kwa mtetemo huo anajua, gizani na kati ya majani elfu, kwamba hiki ni kitu hai na kinaliwa. Huku masikio yake yanakwenda mbele na nyuma kwa zamu, moja baada ya jingine. Popo wa milima yetu, yule wa Willard, yule wa Kahuzi na ndugu zao, wanajulikana hasa kwa ukubwa wa masikio hayo. Mwili mdogo unaoenea kiganjani, masikio kama ya mnyama mkubwa.

3. MAISHA YAKE

Mchana analala pangoni au ndani ya mti wenye uwazi. Ananing'inia kwa miguu, kichwa chini, amejifunika mbawa zake mwili mzima kama mama aliyejitanda kitenge wakati wa baridi. Ndugu zetu wanaosema Kinyarwanda humwita agacurama, na jina hilo latokana na kugeuka juu chini. Hachoki kwa kuning'inia, kwa sababu mishipa ya vidole vyake hujifunga yenyewe kwa uzito wa mwili. Kazi kwake ni kuachia.

Jioni anatoka. Mbawa zake ni pana, hazimpi mbio kubwa, lakini zinamwezesha kupinda na kugeuka kati ya matawi mahali ambapo ndege mwenye mbio angejigonga. Anakula wadudu, bilulu kama tunavyosema kwetu, hasa nondo na mbawakawa. Tuseme ukweli hapa, kwa sababu kuna watu wamesikia kwamba popo wakiwepo malaria inakwisha. Haiishi. Popo si badala ya chandarua. Lakini nondo ndiye mama wa viwavi, na kila mwenye kibustani cha mahindi kambini anajua viwavi wanaweza kufanya nini kwa wiki moja. Anayekula nondo usiku anamsaidia mkulima ambaye hamjui.

Popo pua-kwato jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, si zaidi. Jike huyu ana chuchu mbili za kunyonyesha kifuani, na nyingine mbili chini ya tumbo zisizotoa maziwa, ambazo mtoto huziuma ili ajishikilie wakati mama ananing'inia au anahama. Mtoto akikua hadi kujua kuruka, anaweza kuishi muda mrefu kuliko mbuzi au mbwa. Huko Ulaya popo mmoja wa jamii hii alijulikana kuishi zaidi ya miaka 30.

Tafadhali mshike hesabu hiyo. Mtoto mmoja kwa mwaka, maisha marefu. Panya akiuawa leo, kesho kutwa nafasi yake imejazwa na kumi. Popo akiuawa, nafasi yake hukaa wazi miaka.

4. NDUGU WALIOTENGWA NA BONDE

Kwa nini basi ni wachache? Popo wa jamii hii yenye masikio makubwa ni wa misitu ya milimani. Mmoja yuko Ruwenzori, mmoja Kahuzi, mmoja Misotshi-Kabogo, na mmoja yuko upande wetu huu wa mashariki, katika msitu wa Nyungwe nchini Rwanda. Ni ndugu, uso mmoja, masikio yaleyale, lakini kila mmoja ana mlima wake. Kati yao limelala bonde kubwa, liko ziwa, ziko tambarare za joto kama hii ya Rusizi tuliyoivuka kwa miguu. Watu huvuka. Popo aliyezoea baridi na ukungu wa juu havuki. Kwa hiyo msitu wake ukikatwa, hana kambi ya kukimbilia. Anakwisha.

Huyu wa Nyungwe anaitwa popo wa Hill, na habari yake ndiyo iliyotugusa zaidi. Alielezwa vitabuni mwaka 1973 na mtaalamu wa Geneva, Villy Aellen. Baadaye akapotea. Miaka 40 ilipita bila mtu kumwona, hata ikafika mahali wataalamu wakaanza kuuliza kama bado yupo. Mwaka 2013 wakaanza kumtafuta. Januari 2019 watu wa shirika la Bat Conservation International, wa Rwanda Wildlife Conservation Association, wa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda inayosimamia hifadhi, pamoja na Mkenya Paul Webala wa Chuo Kikuu cha Maasai Mara, walikaa msituni siku kumi na usiku kumi wakitega nyavu. Wakamnasa. Walipouona ule uso wakajua wameshika kitu kisicho cha kawaida. Walimpima, wakarekodi mlio wake, wakamwachia arudi gizani. Kisha vipimo vikalinganishwa na popo wakavu waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na mwaka 2022 habari ikatangazwa: ndiye.

Ndugu zetu, kazi haikuishia hapo. Kwa kuwa sasa mlio wake ulijulikana, walinzi wa msitu walipewa vyombo vya kunasa sauti. Walivitumia miezi tisa, wakakusanya sauti zipatazo robo milioni. Zilipochambuliwa, popo wa Hill alisikika mahali panane tu, napo pote ni ndani ya eneo dogo. Ndiyo maana amewekwa katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka.

Msitu wa Nyungwe ukiufuata kuja kusini unavuka mpaka na kuitwa Kibira. Ni msitu mmoja wenye majina mawili. Kibira ni hifadhi ya taifa ya Burundi tangu mwaka 1980, hekta zipatazo 40,000, na wazee wa nchi hii wanakumbuka kwamba zamani palikuwa mawindo ya mwami. Maji yake ndiyo yanayojaza bwawa la Rwegura, na umeme wa Rwegura huwasha taa za Bujumbura, pamoja na hizi zinazotuangaza sasa hivi. Kwa hiyo tunapozungumzia misitu ya popo hawa hatuzungumzii nchi ya mbali.

Sisi tunajua maana ya kuhesabiwa. Kila mmoja wetu anajua siku ya uhakiki ilivyo. Ukiitwa jina ukakosekana, labda ulikuwa hospitali, labda ulikuwa umekwenda kuzika, karatasi inasema haupo. Lakini wewe upo. Popo wa Hill alikosekana kwenye karatasi miaka 40, na miaka hiyo yote, vita vilipopita, watu walipojificha katika misitu ileile, alikuwa ananing'inia mahali pake, anazaa mtoto mmoja kila mwaka. Asiyeonekana si kwamba hayupo. Labda hajatafutwa kwa sauti yake.

5. PAA LA SHULE YETU

Sasa tunakuja kwenye deni letu.

Mnakumbuka madarasa manne ya mabati. Popo waliingia kati ya bati na dari, wengi. Hao si wale adimu wa milimani. Ni popo wadogo wa kawaida wakaao kwenye mapaa ya nyumba, wanaopatikana sehemu nyingi za Afrika. Mavi yao yalianguka kwenye madaftari, harufu ilikuwa mbaya, na wazazi walilalamika kwa haki. Tena ulikuwa wakati ambapo redio zote zilisema magonjwa mapya yanatokana na popo. Kamati ilikaa. Sisi tunaosimama hapa tulikuwemo katika kikao hicho, na tulipiga kura kama wengine. Hatukumuuliza mtu yeyote anayejua. Tuliamua jumamosi ijayo vijana wachome pilipili chini ya dari, kisha mashimo yote yazibwe kwa udongo na matambara.

Moshi ulipanda mchana. Popo wakubwa waliokuwa na nguvu walitoka, wengine wakaanguka. Jioni mashimo yakazibwa, tukapeana mikono tukarudi nyumbani.

Usiku ule walioishi karibu na shule walisikia kitu kinagonga mabati. Walikuwa wale waliotoka, wanarudi. Waligonga usiku ule na usiku uliofuata. Jumatatu mwalimu alipofungua darasa la pili alikuta vitoto vidogo sakafuni, havina manyoya, vingine bado vinasogea. Vilikuwa vimedondoka kupitia nyufa za dari. Vilivyobaki juu vilioza. Harufu ya kwanza ilikuwa afadhali. Watoto wetu walisoma chini ya mti wiki tatu.

Siku ile ya jumatatu mama mmoja, ambaye hufagia madarasa, alisimama mlangoni na ufagio mkononi. Hakutulaumu. Alisema tu: «Watoto wao wamebaki ndani, wenyewe wamefungiwa nje.» Halafu akaanza kufagia. Ndugu zetu, katika kambi hii wako watu waliotengana na watoto wao barabarani usiku mmoja, na mpaka leo wanatafuta kwa picha na kwa redio. Hakuna aliyejibu neno. Tangu siku hiyo jambo hili halikusemwa tena hadharani, na leo tunalisema: uamuzi ulikuwa wetu, tuliufanya kwa haraka, na ulikuwa mbaya.

6. HABARI YA MAGONJWA

Kuna watakaosema: basi mnataka tuishi na popo watuue? Hapana. Hofu hiyo haikutoka hewani, nasi hatuidharau. Popo wanaweza kubeba kichaa cha mbwa na magonjwa ya jamii yake. Popo wa matunda wakaao mapangoni hubeba virusi vya Marburg. Lakini tazameni kilichotokea Kitaka, magharibi mwa Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi huo walipatwa na Marburg. Mwaka 2008 popo wote wa mgodi waliuawa. Mwaka 2012 Marburg ilizuka tena katika mji wa Ibanda, si mbali na hapo. Watafiti wakarudi mgodini wakakuta popo wapya wamehamia, si wengi kama wa zamani, ila walipopimwa, wenye virusi walikuwa kama 13 katika kila 100, na zamani walikuwa kama 5. Kuua hakukuondoa ugonjwa. Kulileta wageni ambao sehemu yao kubwa zaidi ilikuwa na ugonjwa.

Kinachomlinda mtu ni umbali. Usimshike popo, mzima wala mfu. Usimle. Usiingie mapangoni kutafuta madini, kivuli au mchezo. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Watoto waambiwe hivyo nyumbani na shuleni, bila vitisho.

7. TUNAYOOMBA

Bwana Mwenyekiti, tunamaliza kwa maombi manne.

La kwanza ni kwa wakazi wa kambi. Popo wakiingia paani, mtu asichome wala asizibe. Aje kwetu. Iko njia: mnasubiri mpaka watoto wawe wanaruka, mnaziba mashimo yote isipokuwa moja, kwenye hilo moja mnatundika kipande cha wavu au turubai kinachoning'inia, ili anayetoka jioni atoke na asiweze kurudi. Baada ya siku chache, mkihakikisha kimya, mnaziba la mwisho. Hakuna moshi, hakuna maiti, hakuna harufu. Aliyetoka anatafuta mti.

La pili ni kwa ndugu zetu wa mashirika. Mnapojenga, zibeni nafasi iliyopo kati ya bati na ukuta kabla ya jengo kukabidhiwa. Ni gharama ndogo siku ya kwanza na ni shida kubwa mwaka wa pili. Na mnapotafuta kazi za vijana, kumbukeni kwamba kule Nyungwe waliosaidia kujua popo wa Hill yuko wapi ni walinzi wa msitu waliofundishwa kutumia chombo kimoja. Vijana wetu nao wana masikio.

La tatu ni kuhusu kuni. Tunajua mgao haupikwi kwa mdomo. Mtu anayekwenda kutafuta kuni si mhalifu, ni mzazi. Lakini miti mikubwa yenye uwazi ndani, ambayo tunaiona haifai kwa mbao, ndiyo nyumba ya wanyama hawa. Iachwe. Majiko ya udongo tuliyofundishwa yatumike, na ahadi ya mkaa wa makapi itimizwe, ili akina mama wasilazimike kuchagua kati ya sheria na sufuria.

La nne ni kwa wale ambao siku moja watarudi. Mwaka 2016 zilitangazwa hifadhi mbili katika milima ile, Ngandja upande wa Kivu Kusini na Kabobo upande wa Tanganyika. Kuna siku baadhi yetu tutafika pale, tutahitaji shamba, tutahitaji boriti za nyumba, na msitu utakuwa mbele yetu. Siku hiyo mkumbuke kwamba kule juu kuna mwenye nyumba mwingine, mdogo, mwenye masikio makubwa, ambaye hakukimbia kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia.

Yule mama wa ufagio yuko hapa ukumbini. Hakutaka tumtaje jina na hatutamtaja. Lakini tulipomsomea maneno haya jana usiku, ili tuwe na ruhusa yake, alituuliza swali moja: kama yule popo wa mlima wa Kabobo anazaa mtoto mmoja tu. Tukamwambia jamii yake yote huzaa mmoja. Akasema, «Basi mwambieni kila mtu.»

Tumewaambia.